Kazi ya Bakari

Siku mliyoniaga, msumari wa ile saa mliyonizawadia uling'oka ukutani kabla sijamaliza kushukuru. Saa ikaanguka, kioo kikapona, na Hamisi akapaza sauti kutoka mlangoni, "Kazi ya Bakari hiyo!" Banda zima likacheka, nami nikacheka. Nimecheka hivyo kwa miaka mingi, kila fundo lilipofunguka na kila mshono ulipoachia, maana katika banda letu la kushona matanga ya mashua kazi mbovu ina jina hilo moja, na anayelitaja hahitaji kueleza zaidi.

Saa yenu iko mezani kwangu hapa Magogoni. Ahsanteni. Nimepewa saa wakati ambapo hakuna tena anayeniuliza kwa nini nimechelewa. Mwenzenu Furaha aliniomba niwaachie maneno mawili matatu ya kazi, kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Naandika kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyemwona Bakari, nami nilikaa naye meza moja.

Sikuanza na matanga. Nilikuwa nashona turubai za malori Changamwe, kazi ya kuvuta kitambaa kizito siku nzima huku vumbi la barabara likikuingia mpaka kwenye meno. Dereva mmoja ndiye aliyeniambia kwamba klabu ya mashua huko Likoni inatafuta mtu anayeweza kuendesha cherehani kubwa. Nikavuka feri nikaenda. Nilikuta wazee watatu wa kamati wamekaa kivulini, na pembeni yao mtu mfupi mwenye kofia iliyowahi kuwa nyeupe. Yule mfupi hakuniuliza jina. Alinipa vipande viwili vya kitambaa cha tanga akasema, "Shona." Nikashona. Akavichukua, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Uzi wako wavuta upande mmoja," alisema. "Lakini mkono wasikia. Kesho ndoo mapema." Ndoo, kwa Kimvita chake, ni njoo.

Mmoja wa wazee alikohoa. Akasema kazi hii ina kupanda milingoti, na mwanamke atapandaje mlingoti.

"Mlingotini hakwei mtu, bwana, huvutwa kwa kamba," Bakari akamjibu. "Na huyu ni mwepesi kuliko nyinyi nyote. Akiharibu, niulizeni mimi."

Yashikeni maneno hayo ya mwisho. Mimi niliyasikia siku ile nikayapita tu, kama mtu anavyopita salamu.

Wiki ya kwanza aliniita kutoka upande wa pili wa banda, "Dama!" Nikamjibu, "Unasemaje?" Sindano yake ikasimama hewani. Akaniuliza kwa upole kama hata mama yangu nilikuwa nikimwitikia hivyo. Nikasema tuliitika kwa namna yetu ya Kigiriama. "Vyema," akasema. "Basi niitikie hiyo, au niitikie abee. Lakini usiniulize nasemaje hata sijasema." Tangu hapo nikawa naitika abee. Aliniita mara thelathini kwa siku, kwa ajili ya mkasi, kwa ajili ya chaki, na mara nyingine, nadhani, kwa kuhakikisha tu kwamba nipo.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Sindano za ncha ya pembe tatu alizihifadhi ndani ya kipande cha mafuta mgando zisipate kutu. Alikuwa na ngozi ya kuvaa kiganjani, ya kusukumia sindano, na donge la nta ya nyuki lililokuwa na mifereji ya uzi pande zote. Alinifundisha kwamba jua hula uzi kabla ya kitambaa, kwa hiyo tanga la zamani likiletwa, usiangalie doa wala rangi. Kwaruza mshono kwa ukucha, na uzi ukitoka kama unga, mrudishie mwenyewe habari mbaya hapo hapo. Alinifundisha kusuuza matanga kwa maji baridi ya bomba, kuyakausha kivulini, na kutoyakunja mara mbili pale pale. Haya mnayajua. Mnayajua kutoka kwangu, na mimi niliyajua kutoka kwake.

Watu hudhani anayestaafu hutamani watu kwanza. Mimi natamani nta. Natamani harufu yake ikipita juu ya uzi asubuhi, madirisha yote yakiwa wazi, sakafu imefagiwa mchanga na sisi tuko miguu mitupu juu ya kitambaa cheupe. Kisha natamani kuitwa. Hapa wajukuu huniita Hawe, nami huitika, lakini hakuna anayeniita kwa ajili ya mkasi.

Sasa nifike kwenye Subira. Lile benchi mnalokalia wakati wa chai, lenye tundu mbili za boliti, ni ubao wa ubavu wake. Ilikuwa mashua ya mbao, imeundwa kabla sijazaliwa, na mwenyewe alikuwa Daktari Noronha, daktari wa meno aliyekwishafunga zahanati yake. Kila Jumamosi ya mashindano Daktari alitoka na baharia wake mmoja, na kila Jumamosi alifika wa mwisho, wenzake wakiwa wamekwisha kula. Mashua haikuwa na kosa. Tanga lake ndilo lililokuwa limeota kitambi. Tanga likiota kitambi mashua haiwezi kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo; upepo ukiwa mbele, wenzako wanapanda nao, wewe unateleza kando kama kaa.

Siku moja Daktari aliingia bandani, akaketi juu ya gunia la kamba. "Bakari," akasema, "magoti yangu yananiaga. Nataka mara moja tu nifike kabla chai haijapoa."

"Utafika, Daktari," Bakari akamwambia. "Lakini tufanye kwa mpango."

Mpango wenyewe ni huu, na ndio utakaowafaa siku mtakapoletewa mashua kuukuu inayotaka kukimbia. Hatukuanza na tanga. Tulianza na henza, ile kamba ya kupandishia tanga, tukaweka mpya isiyovutika, kwa sababu tanga jipya kwenye henza iliyochoka ni suruali mpya kwenye mkanda wa raba. Halafu tukabadili waya za kushikilia mlingoti. Mwisho ndipo tukakata matanga mawili, kubwa na la mbele, kwa kitambaa kipya kigumu, kile ambacho ukikikunja kinalia kama karatasi. Tulikitandaza sakafu nzima. Bakari alitambaa juu yake na chaki mdomoni, akikagua kila mshono kwa kidole gumba, macho yamefumbwa. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kugundua kwa nini huyafumba. Yakifumbuliwa hayakumsaidia sana. Alikuwa akishika sindano karibu na pua, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtilia uzi, tukijifanya wote wawili kwamba ni kwa sababu mimi ni mdogo. Nje ya banda hakuna aliyejua. Fundi wa matanga asiyeona angerudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, na alikuwa hajui kukaa nyumbani.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Subira ilipovaa nguo zake mpya hata mimi nilisahau umri wake. Bakari hakusahau. Aliniita, nikaitika abee, akaushika mkono wangu akauweka ubavuni mwa mashua, pale lilipokazwa bamba la chuma linaloshika waya za mlingoti.

"Bamba hili la kale, na ubao huu wa kale," akasema. "Zamani tanga lilikuwa huvutika, kamba huvutika, upepo ukipiga kila mtu atoa kidogo. Sasa vyote vipya, hapana kinachotoa. Basi pigo litakwenda wapi? Ukitia kipya, mwanangu, kitamtafuta mkuukuu alipo kimvunde. Mashua kongwe yataka kitu kimoja kiwe dhaifu, nawe ndiwe wa kukichagua. Usipokichagua wewe, upepo utachagua."

Alichokichagua ni hiki. Demani, kamba ya kuvutia na kulegezea tanga kubwa, hupita kwenye kapi, kigurudumu cha kamba, lililoning'inia chini ya mti wa tanga, ule unaolala chini ya tanga kubwa. Kapi hilo hakulifunga kwa pingu ya chuma, ile pete ya kufungia yenye kipini. Alilifunga kwa kitanzi cha uzi alioutia nta mwenyewe, mizunguko saba. Sita ilikuwa haitoshi, minane ilikuwa mingi mno. Upepo ukizidi nguvu, kitanzi kingekatika, tanga lingefunguka na kupepea, mashua ingesimama wima, na hasara yote ingekuwa uzi na dakika tano.

Jumamosi ya kwanza Subira ilitoka, nasi tukasimama ufukweni. Sijawahi kuona kitu kama kile. Ilibisha mbele ya mashua za plastiki zilizokuwa na umri wa wajukuu wake. Kwenye boya la mwisho ilikuwa ya pili. Ndipo ikaja meli ya makontena kuelekea bandarini Kipevu. Mashua zetu hukaa nje ya njia ya meli, lakini meli kubwa huziba upepo mpaka mbali, na ikishapita upepo hurudi wote kwa mara moja kama mtu aliyefungiwa mlango. Ulirudi. Kitanzi kikakatika, tanga likafunguka likawa linapepea, Subira ikasimama wima, na wenzake wote wakaipita. Wanachama waliokaa kwenye baraza ya klabu wakacheka. Daktari alifika wa mwisho. Alipokuwa akishuka niliona amemshika baharia wake begani, kwa sababu ya yale magoti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonjeshwa kitu kisha akanyang'anywa.

Bakari alikuwa na furaha. "Kimefanya kazi yake," alisema, akikivuta kipande cha uzi kilichobaki. "Dama! Funga kingine. Saba."

Nami nilikuwa nimeona haya. Nilikuwa nimesikia vicheko vile, na nilikuwa nimeshona nusu ya matanga yale kwa mikono yangu. Nilijiambia kwamba mzee anaogopa, kwamba macho yamemtia woga. Ijumaa, alipokwenda msikitini, nilichukua pingu mpya ya chuma kisichoshika kutu nikalifunga kapi kwayo. Na hapa ndipo mnisikilize vizuri, maana kosa si pingu peke yake. Nilijua atakagua. Basi nilichukua uzi wake, nikautia nta yake, nikauzungusha juu ya chuma mizunguko saba, nikaulaza vizuri.

Aliporudi alipitisha kidole gumba juu yake. "Saba," akasema. "Vyema."

Jumamosi iliyofuata sihitaji kuieleza kwa urefu. Meli nyingine ilipita, upepo ukarudi, na safari hii hakuna kilichokatika mahali palipochaguliwa. Subira iliinama ikakataa kuinuka. Tulisikia kutoka ufukweni mlio wa ubao ukipasuka. Bamba liling'oka na kipande cha ubavu, mlingoti ukaanguka na matanga yangu mapya, na maji yakaanza kuingia. Daktari na baharia wake waliokolewa bila jeraha, nashukuru Mungu kila nikikumbuka. Subira ilivutwa mpaka mchangani ikalazwa ubavu, nayo haikuelea tena.

Watu walipokuwa wakimfunika Daktari taulo, Bakari alipiga magoti kando ya mti wa tanga, akapapasa, akalipata kapi. Kidole gumba kikapita juu ya uzi. Safari hii uzi ulikuwa umeachana katikati, na kidole kikagusa chuma. Kisha akaifungua ile pingu taratibu, akaitia mfukoni mwa shati, akanyanyuka akapangusa mchanga magotini. Hakunitazama.

Wazee wa kamati walituita wote wawili barazani. Wakauliza nani alifunga lile kapi.

"Mimi ndimi fundi," Bakari akasema.

"Ulikagua?"

"Nilikagua."

"Basi imekuwaje? Bakari, macho yako yako sawa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake hatua moja. Niliona shingo yake ikiinama. Lile neno alilolificha miaka yote, lile nililomsaidia kulificha, alilitoa mwenyewe mbele ya watu.

"Mato yangu si mazima," akasema. "Yana muda si mazima."

Wakamwambia akapumzike. Walisema kwa adabu, na wakampa chai. Nami sikusema kitu. Nilikuwa na watoto, na banda lile lilikuwa halijapata kuajiri mwanamke kabla yangu. Lau ningefungua mdomo, wasingeajiri mwingine baada yangu. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja linalonisaidia. Bakari aliondoka na sindano zake ndani ya kile kipande cha mafuta. Ngozi ya kiganja aliiacha juu ya meza, mahali pangu. Wiki haikwisha, mwanachama mmoja alipofunguka kamba ya kiatu akasema, "Kazi ya Bakari," wenzake wakacheka, na neno likateremka kutoka barazani mpaka bandani, likakaa.

Daktari hakununua mashua nyingine. Alikuwa akija Jumamosi kutazama, na chai yake aliinywa ikiwa bado ya moto.

Ilinichukua miezi mingi kupata miguu ya kwenda Mtongwe, nyumbani kwa Bakari. Nilikwenda na halua, na maneno niliyoyapanga tangu kwenye feri. Mlangoni kwake kulikuwa na mbuzi jike amefungwa kwenye nguzo, na kamba yake ilishikwa na pingu ya chuma inayong'aa. Niliitambua kabla sijapiga hodi. Bakari alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza kwenye sauti ya hodi yangu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ni Dama huyo, nakujua kwa mwendo."

Nikakaa. Nikasema, "Fundi, ile Ijumaa ulipokwenda kuswali—"

"Wamwona mbuzi wangu?" akanikatiza. "Alikuwa akata kamba kila siku, aingia kwa jirani ala mchicha. Tangu nimtie pingu ile, ametulia. Kwa mbuzi, chuma chafaa. Mbuzi hana mlingoti."

Akacheka kidogo. Mimi nililia, na najua alinisikia.

"Kitanzi wafunga mizunguko mingapi siku hizi?" akaniuliza.

"Saba, Fundi."

"Basi," akasema, na akamwita binti yake alete sahani ya halua.

Sikuimaliza ile sentensi. Nilirudi mara nyingi baada ya hapo, na kila mara nilikwenda nayo na kurudi nayo, na yeye akinisimulia habari za mbuzi. Alipofariki nilikaa na wanawake wa mtaa wake kwenye matanga, mtu wa kanisani katikati ya mabuibui, na binti yake akaniambia, "Baba alikuwa akikutaja sana. Akisema banda lina fundi." Nilitaka kumweleza. Nikanyamaza tena, kwa mazoea.

Haya, wanangu, sasa kazi. Mashua kongwe zitaendelea kuja kwenu zikitaka kukimbia, na ni haki yao. Anzeni na henza. Kagueni mabamba kabla ya kukata kitambaa. Na chini ya mti wa tanga fungeni kile kitanzi cha mizunguko saba ambacho mnakiita kitanzi cha Dama. Nimesikia mkibishana kwamba saba ni ushirikina wangu, na kwamba pingu ingekuwa haraka zaidi. Kitanzi hicho ni cha Bakari. Na ile mnayoiita kazi ya Bakari ni yangu. Niliifanya Ijumaa mchana, mlango nimeufunga, kwa uzi wake.

Yabadilisheni majina. Sitaki neno hilo life, maana banda linahitaji neno la kazi mbovu, na hilo limezoeleka. Ila liwe na mwenyewe. Mshono ukiachia, fundo likifunguka, msumari ukitoka na saa ya mtu, Hamisi asimame pale pale mlangoni apaze sauti aseme, "Kazi ya Dama hiyo!" Nanyi mcheke. Hata nikiwa huku Magogoni na maji mawili katikati yetu, ya feri na ya darajani, nitajua kuna mtu bandani ameniita, nami nitaitika abee.